Breka Ikate kwa Wakati: Hesabu ya Kitanzi cha Ethi katika Nyumba za Castle Vale

Waya wa moto ukichubuka ndani ya mashine ya kufulia nguo na kugusa bodi yake ya chuma, umeme huanza mara moja kutafuta njia ya kurudi ulikotoka. Njia hiyo ikiwa na ukinzani mdogo, mkondo mkubwa hupita ghafla, breka hukata, na mwenye nyumba hana habari zaidi ya kuona mashine imezimika. Njia ikiwa nyembamba mno, imelegea au imeliwa na kutu, mkondo unaopita ni mdogo. Breka huuona kama matumizi ya kawaida, haikati, na bodi ya mashine hubaki na umeme ikimsubiri wa kwanza kuigusa. Hali hizi mbili hutenganishwa na namba moja ambayo kila mwanafunzi wa umeme hulazimika kuifahamu: impedensi ya kitanzi cha hitilafu ya ethi. Mafundi huiandika Zs na kuipima kwa omu. Ni jumla ya ukinzani wote unaoukabili mkondo wa hitilafu katika safari yake nzima, ukiwemo ule wa nyaya na ule mdogo unaotokana na koili za transfoma.

Inaitwa kitanzi kwa sababu safari hiyo huanza na kuishia mahali pamoja. Kutoka pale waya ulipogusa chuma, mkondo huingia kwenye waya wa ethi wa saketi na kufuata ukuta hadi kwenye boksi la breka. Hapo huvuka ethi kuu ya nyumba, kisha hutoka nje na kurudi kwenye ncha ya nyutro ya transfoma ya mtaa kwa njia ambayo mgavi wa umeme ameiandaa. Hupita ndani ya koili ya transfoma, hurudi nyumbani kwa waya wa moto wa mtaani, hupitia kwenye mita na breka, na kufika tena pale ulipoanzia. Sehemu moja tu ya mzunguko huo ikiwa mbovu, mzunguko mzima ni mbovu.

Castle Vale, mtaa mkubwa wa nyumba upande wa kaskazini mashariki wa jiji la Birmingham, Uingereza, ni mahali pazuri pa kuitazamia hesabu hii, kwa kuwa ndani ya eneo dogo zinakutana nyumba za enzi tofauti. Mtaa ulijengwa juu ya uwanja wa ndege wa zamani wa Castle Bromwich, uliofungwa mwaka 1958. Jirani yake kilikuwepo kiwanda kilichounda zaidi ya ndege 11,000 za Spitfire wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ndiyo maana majengo na barabara nyingi za hapo zina majina ya viwanja vya ndege vya kijeshi. Halmashauri ya jiji ilianza kujenga mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1969, ikiwahamishia huko watu waliokuwa wakiishi katika nyumba chakavu za katikati ya jiji. Maghorofa marefu yalikuwa 34. Miaka 30 haikupita kabla unyevu na zege bovu havijayafanya mengi yao yasifae kukaliwa. Kuanzia mwaka 1993 hadi 2005 chombo maalumu cha serikali, Castle Vale Housing Action Trust, kiliusimamia mtaa huo: kilibomoa maghorofa 32, kikayaacha mawili tu, Chivenor House na Topcliffe House, na kujenga nyumba mpya mahali pa yale yaliyoondoka. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi hapo anaweza kuingia asubuhi katika nyumba ya miaka ya 1960 na mchana katika nyumba iliyojengwa baada ya 1993, na hesabu yake haitakuwa ile ile.

Tofauti ya kwanza iko nje ya nyumba. Ile sehemu ya kitanzi iliyo upande wa mgavi huitwa Ze, na fundi hana uwezo wa kuibadilisha. Anaipokea kama ilivyo. Birmingham ilihudumiwa tangu 1948 na shirika la umma la Midlands Electricity Board, na leo nyaya za mtaani ziko chini ya National Grid Electricity Distribution. Katika miji ya Uingereza njia ya kurudi ni ya aina mbili hasa. Kwenye nyaya za zamani mkondo wa hitilafu hurudi kwa ganda la risasi linaloizunguka kebo iliyo chini ya ardhi, na mpangilio huo huitwa TN-S. Kwenye nyaya za karibuni nyutro na ethi hutumia waya mmoja mtaani, kisha hutengana pale umeme unapoingia nyumbani. Huo ni TN-C-S. Wagavi wa Uingereza hutangaza kwamba Ze ya TN-S haitazidi omu 0.8 na ya TN-C-S haitazidi omu 0.35. Kipimo halisi mara nyingi huwa chini ya hapo, lakini anayesanifu saketi huanza na namba kubwa iliyotangazwa ili asije akaaibishwa na siku mbaya ya mtandao. Katika ghorofa refu kuna jambo la kuongeza: kebo inayopanda kutoka chini hadi juu nayo ina ukinzani, hivyo namba inayopatikana kwenye fleti ya juu kabisa ni kubwa kuliko ya fleti ya chini.

Tofauti ya pili iko ndani ya kuta, na hii ni mali ya fundi. Ukinzani wa waya wa moto kutoka kwenye breka hadi mwisho wa saketi huitwa R1, na wa waya wa ethi wa saketi hiyo huitwa R2. Kanuni nzima ni fupi:

Zs = Ze + (R1 + R2)

R1 na R2 hutoka kwenye urefu na unene wa shaba. Mita moja ya waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5 ina ukinzani wa miliomu 12.10 katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, wa 2.5 una miliomu 7.41, wa 4 una 4.61, wa 6 una 3.08. Kebo bapa ya kijivu inayotumika sana katika nyumba za Uingereza huwa na waya wa ethi mwembamba kuliko zile nyingine mbili. Kebo ya 2.5, kwa mfano, ina ethi ya 1.5. Kila mita yake basi inaongeza kwenye kitanzi 7.41 na 12.10, yaani miliomu 19.51.

Chukulia nyumba yenye TN-C-S ambayo soketi za jikoni zimewekewa kebo hiyo, mita 28 kutoka kwenye boksi hadi soketi ya mwisho, chini ya breka ya ampia 20 aina ya B. Mita 28 mara 19.51 ni miliomu 546, sawa na omu 0.546. Namba hii ni ya waya ulio baridi. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, na kebo ya kawaida ya plastiki inaruhusiwa kufikia nyuzi 70 ikiwa kazini, hivyo huzidishwa kwa 1.20 na kuwa omu 0.656. Ukijumlisha Ze ya 0.35, Zs inakuwa omu 1.01. Wanafunzi wengi husahau ile 1.20, na kosa hilo ni baya kwa kuwa jibu linalopatikana bila hiyo linaonekana safi kabisa: 0.90, chini kuliko ukweli.

Sasa namba hiyo inapelekwa kwenye breka. Breka ya aina B hukata papo hapo mkondo unapofikia mara tano ya kiwango chake, ya aina C mara kumi, na ya aina D mara ishirini. Breka ya B ya ampia 20 basi inahitaji ampia 100. Kwa Sheria ya Ohm, iliyotolewa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, volti 230 zikigawanywa kwa omu 1.01 zinatoa ampia 228. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya zinazohitajika, na breka itakata ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kanuni za Uingereza za nyaya za majengo, BS 7671, zinataka saketi ya soketi katika mpangilio wa TN ikatwe ndani ya sekunde 0.4.

Kanuni hizo hizo zimechapisha jedwali la kiwango cha juu cha Zs kwa kila breka, na inafaa mwanafunzi ajue namba zake zinatoka wapi badala ya kuzikariri. Volti za mtaani hupungua wakati watu wengi wanapotumia umeme, kwa hiyo 230 huzidishwa kwa 0.95 na kuwa 218.5. Breka ya B ya ampia 32 inahitaji ampia 160, na 218.5 ikigawanywa kwa 160 ni omu 1.37. Ya B20 ni 2.19, ya B16 ni 2.73, ya B6 ni 7.28. Ile 0.95 iliingizwa kwenye majedwali mwaka 2015. Vitabu vya miaka michache kabla ya hapo vina 1.44 kwa B32, na mwanafunzi aliyerithi kitabu cha kaka yake anaweza kubishana na mwalimu wake bure.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu katika muda kabla breka haijakata, bodi ya mashine si salama hata kama waya wa ethi ni mzima. Katika mfano wa jikoni, R2 ikiwa na joto ni omu 0.407. Ampia 228 zikipita humo, kati ya bodi ya mashine na bomba la maji lililofungwa kwenye ethi kuu ya nyumba kunakuwa na volti 93 hivi. Mtu mwenye mikono yenye maji, mkono mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye bomba, atazipata volti zote hizo. Ethi haiondoi hatari yenyewe. Inaifupisha hadi breka ikate. Ndiyo maana muda unahesabiwa kwa sehemu za sekunde, na ndiyo maana waya mwembamba wa ethi kwenye saketi ndefu ni jambo la kuhesabiwa, wala si la kukisiwa kwa macho.

Soketi nyingi za Uingereza hazijapangwa kwa mstari mmoja kama huo wa jikoni. Baada ya vita ulianza mpangilio wa ringi, ambapo kebo hutoka kwenye breka ya ampia 32, huzunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ile ile. Umeme unaifikia kila soketi kwa njia mbili. Soketi iliyo katikati kabisa ina nusu ya kebo upande huu na nusu upande ule, na nusu hizo zinafanya kazi sambamba, hivyo ukinzani wake ni robo ya ule wa kebo yote ikipimwa ncha kwa ncha. Ringi ya mita 60 za kebo ya 2.5 na ethi ya 1.5 ina jumla ya omu 1.17, robo yake ni 0.293, na ikipata joto ni 0.351. Pamoja na Ze ya 0.35, Zs ni omu 0.70, karibu nusu ya kikomo cha 1.37.

Mahesabu yakishakamilika, kipimo hufuata, na hapo ndipo kazi ya fundi mzuri inapojitenga na ya fundi wa kubahatisha. Ze hupimwa kwenye boksi, swichi kuu ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, na waya mkuu wa ethi ukiwa umetenganishwa na ethi ya nyumba ili mabomba yasiipotoshe namba. Kuuacha waya huo umetenganishwa huku nyumba ikiwashwa ni kuiacha nyumba bila ethi, kwa hiyo hurudishwa kabla ya jambo lingine lolote. R1 na R2 hupimwa pamoja umeme ukiwa umekatwa: nyaya hizo mbili huunganishwa kwenye upande wa breka na kusomwa kwenye kila soketi, baada ya kuondoa ukinzani wa nyaya za testa yenyewe. Aliyekata umeme huijaribu testa yake mahali penye umeme, hupima saketi, kisha huijaribu tena, maana testa iliyokufa husema kila mahali ni salama. Ncha za chuma za testa zinazotumika kwenye umeme hai hazitakiwi kuonekana zaidi ya milimita 4.

Zs ya soketi inaweza pia kusomwa moja kwa moja kwa testa ya kitanzi, ambayo kwa muda mfupi huvuta mkondo kupitia ethi na kutazama volti zinavyoshuka. Njia hii ina kasoro mbili. Inafanywa umeme ukiwa hai, na mkondo mkubwa hukatisha RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, hivyo testa nyingi zina mpangilio wa mkondo mdogo ambao usahihi wake ni hafifu, hasa karibu na transfoma ambako namba zenyewe ni ndogo sana. Mafundi wengi waangalifu hupendelea kujumlisha Ze iliyopimwa na R1 + R2 zilizopimwa. Kwa namna yoyote ile, saketi hupimwa ikiwa baridi, wakati jedwali limeandikwa kwa waya wenye joto. Kwa hiyo namba ya jedwali hupunguzwa hadi asilimia 80 kabla ya kulinganishwa. Kwa B32 kikomo cha kipimo kinakuwa omu 1.10 na kwa B20 kinakuwa 1.75.

Kikomo hicho kina mtego. Turudi kwenye saketi ya jikoni na tuseme Ze iliyopimwa ni 0.18. Ikiwa baridi, saketi hiyo inatakiwa isome 0.18 na 0.546, yaani omu 0.73. Testa ikionyesha 1.60, namba hiyo iko chini ya 1.75. Fundi anayetazama jedwali peke yake ataweka alama ya kufaulu na kuondoka. Aliyehesabu kwanza ataona omu 0.87 ambazo hazina mwenyewe, na shaba haizai ukinzani kutoka hewani. Mahali fulani kuna skrubu iliyolegea, waya uliokatika nyuzi kadhaa, au kebo iliyobanwa kwenye plastiki badala ya shaba. Kama kasoro iko kwenye waya wa moto, birika la umeme linalovuta ampia 13 litaifanya sehemu hiyo moja itoe joto la wati 147, nyuma ya soketi, ndani ya ukuta. Wati hizo zinatosha kuunguza plastiki, na breka haitasema neno kwa kuwa ampia 13 ni halali. Kama kasoro iko kwenye waya wa ethi, hakuna joto litakaloonekana siku zote, lakini siku ya hitilafu kiungo hicho kinaweza kuachia kabisa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya testa liwe kama namba inafanana na hesabu. Kikomo cha jedwali ni swali la pili.

Kosa lingine la mara kwa mara huja kwa nia njema. Breka ya B32 inakatakata kila mota fulani inapowashwa, na mtu anaibadilisha kwa C32, ambayo inavumilia mkondo wa kuanzia. Usumbufu unaisha. Lakini C32 inahitaji ampia 320, na kikomo chake cha Zs ni omu 0.68. Katika nyumba ya TN-S ambayo Ze yake inaweza kufika 0.8, kikomo kimeshapitwa kabla ya kuweka hata mita moja ya kebo ndani ya nyumba. Breka ni mpya, inang'aa, na haitakata kwa wakati.

Nyumba za zamani zina hesabu zake. Mwaka 1966, katikati ya ujenzi wa Castle Vale, lilitoka toleo la 14 la kanuni za nyaya za Uingereza, ambalo lilitaka saketi za taa nazo ziwe na waya wa ethi. Kabla ya hapo taa nyingi ziliwekewa nyaya mbili tu. Katika nyumba ya miaka hiyo ambayo haijabadilishiwa nyaya, mtu akifunga taa ya chuma ya kisasa hakuna kitanzi cha kuhesabu: R2 haipo, na jibu ni lisilo na mwisho. Nyumba za wakati huo pia zilikuwa na fyuzi za waya wa kufunga kwa mkono badala ya breka. Fyuzi ya aina hiyo ya ampia 30 haikati kwa mara tano kama breka. Huyeyuka polepole zaidi, na kikomo chake kwa sekunde 0.4 ni omu 1.04. Kebo za 2.5 za miaka ya 1970 nazo zilikuwa na ethi ya milimita ya mraba 1.0, ambayo kila mita yake ina miliomu 18.10. Mita 28 za kebo hiyo zikipata joto zinatoa omu 0.857 badala ya 0.656. Anayerefusha saketi ya zamani kwa kebo mpya anapaswa kuhesabu kila kipande kivyake na kujumlisha.

Fundi aliyefunzwa Birmingham akirudi Tanga au Mombasa, au aliyefunzwa chuo cha ufundi cha VETA, Tanzania, akienda Birmingham, anakuta kanuni ni ile ile na namba zimebadilika kabisa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki njia ya kurudi ni udongo wenyewe: nyumba ina rodi yake ya ethi, transfoma ina yake, na katikati ni ardhi. Huo ni mpangilio wa TT, ambao Uingereza nako uko, hasa vijijini. Tuseme rodi ya nyumba ina omu 60 na ya transfoma ina omu 20. Ukinzani wa shaba hapa hauna uzito tena. Volti 230 kwa omu 80 ni ampia 2.9. Breka ya B32 inayosubiri ampia 160 haitajua kwamba kuna kitu kimetokea, na hata B6 inayosubiri 30 haitajua. Wakati huo bodi ya friji ina volti 172 dhidi ya sakafu, nazo zitakaa hapo saa baada ya saa. Mwenye nyumba aliyeambiwa kwamba rodi inatosha, na yeye anaamini ana ethi, yuko hatarini kama asiye nayo.

Katika TT anayeokoa ni RCD, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro, kikakata tofauti inapofika kiwango chake. RCD ya miliampia 30 inakata kwa ampia 0.03, kwa hiyo zile ampia 2.9 ni karibu mara mia ya inachohitaji. Kanuni inataka ukinzani wa rodi pamoja na waya wake wa ethi, ukizidishwa kwa mkondo wa RCD, usizidi volti 50. Volti 50 kwa 0.03 ni omu 1,667. Namba hiyo kubwa isimlaze mtu usingizi. Rodi inayozidi omu 200 huhesabiwa kuwa si ya kutegemewa, kwa kuwa udongo unabadilika: rodi iliyosomeka vizuri wakati wa masika inaweza kupanda mara kadhaa ardhi ikikauka, na kwenye udongo wa kichanga au mawe ya matumbawe ya pwani rodi moja fupi mara nyingi haitoshi. Kipimo cha maana ni cha kiangazi. Kama namba ni kubwa, rodi ndefu zaidi au ya pili iliyo mbali na ya kwanza husaidia kuliko kumwagia maji siku ya ukaguzi.

Wapo wanaotaka kuikwepa kazi hiyo kwa kuunganisha ethi na nyutro ndani ya nyumba, wakisema ndivyo ilivyo Ulaya. Katika TN-C-S muunganiko huo hufanywa na mgavi, ambaye nyutro yake imeshikizwa ardhini mahali pengi njiani. Hata hivyo nyutro hiyo ikikatika mtaani, kila chuma kilichofungwa kwenye ethi ndani ya nyumba kinaweza kupata umeme, na hatari hiyo ndiyo iliyoifanya Uingereza kuwa na masharti ya ziada kwa chaja za magari ya umeme zilizo nje ya nyumba. Kufanya muunganiko huo kienyeji kwenye nguzo ya mtaa ambayo nyutro yake inaning'inia upepo ukivuma ni kuchukua hatari ya mfumo ule bila kinga zake.

Huko England, ilipo Birmingham, mwenye nyumba ya kupangisha binafsi analazimika tangu kanuni za mwaka 2020 kuhakikisha nyaya zake zinakaguliwa angalau kila miaka mitano, na Zs ya kila saketi ni sehemu ya ripoti anayopewa. Nchini Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na mamlaka ya udhibiti ya EWURA, na nchini Kenya na mamlaka ya EPRA. Anayejenga au kununua nyumba, popote alipo, ana haki ya kumwomba fundi karatasi yenye namba hizo na kumwuliza alizihesabuje kabla ya kuzipima. Kwenye RCD ya kila nyumba kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyezwe kila baada ya miezi sita. Isipokata, aitwe fundi mwenye leseni siku hiyo hiyo.